UZI: Kerneli ya Linux ije imefungwa au ije wazi? Mipangilio ya usalama ya mwanzo kwenye mashine za Goma na Bukavu

#1 Himbi_Fundi, Goma

Jambo yenu mafundi.

Naandaa imeji moja (nakala kamili ya diski) ya Debian 12, aina ya Linux yenye kerneli 6.1 (kiini cha mfumo kinachotawala prosesa na kumbukumbu), ya kuweka kwenye maduka ya kuchapa na fotokopi na vyumba vya intaneti, hapa Goma na kule Bukavu. Mashine ni zile za mkono wa pili ambazo kila mtu anazijua: Core i3 na i5 za kizazi cha 2 hadi cha 4, RAM GB 4, diski ya kuzunguka. Kwa maoni yangu kerneli inakuja na makufuli mengi kuliko mashine hizi zinavyoweza kubeba. Napendekeza ndani ya /etc/default/grub:

`GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet mitigations=off"`

kisha `update-grub`. Neno hilo linazima viraka vinavyoziba matundu ya prosesa kama Meltdown, Spectre na Retbleed. Secure Boot (ukaguzi wa saini wakati mashine inawaka) izimwe ili usingizi wa diski ufanye kazi, yaani ule ambao kompyuta inamwaga RAM kwenye swopu (sehemu ya diski inayosaidia RAM) na kujizima. Na hii delestaji yetu (umeme kukatwa kwa zamu), bila huo kazi ya mteja inapotea. Mengine yote yabaki yanavyokuja.

Watafiti wa ETH Zurich walipima viraka vya Retbleed mwaka 2022 wakakuta Intel inapoteza hadi asilimia 39. Kwa i3 ya 2011 hiyo ni kuiua. Mwenye pingamizi aje na hesabu, asije na hofu.

#2 MamaSeva, Bukavu

Ndugu Himbi, tuanze na hesabu yako maana umeiazima kwa jirani. Retbleed upande wa Intel inagusa kizazi cha 6 hadi cha 8. Hao ndio kerneli ililazimika kuwawekea kinga nzito iitwayo IBRS, na IBRS ndiyo inayokula mwendo. Kizazi cha 2, 3 na 4 wamebaki na retpoline (kinga nyepesi zaidi) ileile ya 2018. Iulize mashine yenyewe:

`grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*`

Kwenye i5 ya kizazi cha 3 mstari wa retbleed utasoma "Not affected". Wa meltdown utasoma "Mitigation: PTI", yaani kumbukumbu ya kerneli imetengwa na ya programu. Wa mds (tundu la kuvujisha data kutoka bafa za prosesa) ndio wa kukazia macho. Ukikuta "Vulnerable: Clear CPU buffers attempted, no microcode", jua kwamba kerneli inatoa amri ya kufuta lakini prosesa haijapewa maikrokodi (programu ndogo ya ndani ya prosesa) ya kuielewa amri hiyo. Unalipa gharama, kinga huna. Dawa yake ni pakeji ya intel-microcode na kuwasha upya. Tangu Debian 12 pakeji hiyo imehamia sehemu ya non-free-firmware, kwa hiyo kama sources.list yako umeinakili kutoka Debian 11, apt itakuambia haipo na utadhani ni koneksheni.

Pili, mitigations=off ni swichi inayozima nyumba nzima. Tangu kerneli 5.2 neno hilo moja linaondoa PTI, kinga za Spectre zote mbili, za matundu ya SSB, L1TF, MDS, TAA na kila kilichoongezwa baadaye. Kwenye chumba cha intaneti kivinjari kinaendesha JavaScript ya watu usiowajua kutwa nzima. Bila PTI, Meltdown inaruhusu programu ya kawaida kabisa isome kumbukumbu ya kerneli, na kwenye kerneli ya biti 64 karibu RAM yote imeunganishwa humo ndani. Nenosiri la mteja aliyeondoka kiti hicho dakika kumi zilizopita linaweza kuwa bado limekaa pale.

Na usidhani chaguo-msingi linamwashia kila mtu kila kitu. `mitigations=auto`, ambalo ndilo linalokuja, linaangalia prosesa kwanza. AMD haiguswi na Meltdown, na huko PTI haiwashwi.

#3 Kamalondo64, Lubumbashi

Mama, ya Retbleed nakubali. Lakini tusimkandamize ndugu Himbi kana kwamba gharama haipo kabisa.

PTI inakula hivi. Kila programu inapoiomba kerneli kitu (kusoma faili, kutuma paketi, kuuliza saa ya faili), prosesa inabadilisha jedwali la kurasa kwa kuandika rejista ya CR3, na ikirudi inabadilisha tena. Kama haina PCID, yaani uwezo wa kutia alama anwani za kila jedwali, kila badiliko linafuta TLB, lile daftari dogo la anwani, na prosesa inaanza kuzitafuta upya moja moja. Linux ilianza kutumia PCID kwenye toleo 4.14. Angalia kama unayo:

`grep -o -m1 pcid /proc/cpuinfo`

Likitoka neno, gharama ni ya kuvumilika. Kimya kikitokea (Core 2 Duo kwa mfano), basi mashine hiyo inaumia kweli kwenye kazi zenye kugonga mlango wa kerneli mara nyingi: hifadhidata, Squid (proksi ya wavuti), kunakili maelfu ya faili ndogo. Kazi ya kuandika barua kwenye LibreOffice haigongi mlango mara nyingi hivyo.

Jambo lingine: chaguo-msingi si msahafu. Mwishoni mwa 2018, wakati 4.20 inaandaliwa, STIBP (kinga ya Spectre kati ya thredi mbili za kori moja) iliwashwa kwa programu zote. Kuna kazi ambazo mwendo wake ulishuka hadi nusu, na Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, akakataa. Thomas Gleixner, mmoja wa watunzaji wa kerneli, na wenzake wakaipanga upya ili iwashwe kwa programu inayoiomba, au inayotumia seccomp (kizuizi cha maombi kwa kerneli). Mwaka 2022, kwenye 5.16, hata hiyo ya seccomp ikaondolewa kwenye chaguo-msingi, ikabaki ya kuomba tu. Wenye kerneli wenyewe hulegeza. Kwa nini fundi wa Goma asilegeze?

#4 MamaSeva, Bukavu

Kwa sababu wao walilegeza swichi moja baada ya kupima, na yeye anazima kumi na kitu kwa neno moja. Na angalia faida yake, yaya: kwa kuwa 6.1 imekuja baada ya 5.16, mzigo wa STIBP unaoulalamikia Himbi tayari hana.

Kama mnataka kuona watu wakali, angalieni OpenBSD, mfumo mwingine huria. Juni 2018 walizima haipa-thredi (kori moja kufanya kazi kama mbili) kwa kila mtu, asiyetaka aiwashe mwenyewe kwa `hw.smt`. Linux ilikataa njia hiyo, ikaiacha iwe hiari kwa `mitigations=auto,nosmt`. Kwenye i3 yenye kori 2 na thredi 4, nosmt inakuachia 2. Hata mimi siombi hilo kwenye duka la fotokopi.

#5 Himbi_Fundi, Goma

Hesabu basi. Kipimo rahisi, kila mtu ajaribu kwake, mara moja na auto na mara moja na off:

`time dd if=/dev/zero of=/dev/null bs=1 count=5000000`

Hizo ni simu za mfumo (maombi kwa kerneli) milioni 10, nusu kusoma, nusu kuandika. Tofauti inaonekana kwa macho, huhitaji hata kikokotoo.

#6 Ndendere_sysctl, Bukavu

Kipimo hicho kinapima mlango, nyumba hakijaigusa. Umechagua baiti moja kwa kila simu, kazi ambayo hakuna mteja anayeifanya. Badilisha iwe `bs=4M count=5000` uone tofauti inavyoyeyuka. Kisha pima kazi ya duka:

`time libreoffice --headless --convert-to pdf faili.odt`

Irudie mara tano, ya kwanza itupe kwa sababu diski ilikuwa baridi na kashe tupu. Wakati inaendelea fungua dirisha la pili:

`watch -n1 "grep MHz /proc/cpuinfo"`

Ukiona prosesa ya 2.5 GHz inatambaa kwenye MHz 800 wakati ina kazi, mtuhumiwa ni joto. Vumbi la Goma, lile jeusi la mawe ya volkano, linakaa kati ya feni na mapezi ya shaba kama blanketi, na pasta ya joto ya miaka kumi imekuwa unga. Fungua, puliza kutoka ndani kwenda nje huku umeishika feni isizunguke, paka pasta mpya kiasi cha punje ya mchele. Mnabishana juu ya komeo na paa linavuja.

RAM GB 4 nayo: weka zram-tools (swopu iliyobanwa ndani ya RAM yenyewe), na kwenye /etc/default/zramswap andika ALGO=zstd na PERCENT=50. Kivinjari chenye tabo nane kitakushukuru kuliko mitigations=off.

#7 mgeni_04

Wekeni Windows 7 mlale.

#8 Kamalondo64, Lubumbashi

Ilizikwa Januari 2020, ndugu. Tuendelee.

#9 Ndendere_sysctl, Bukavu

Nirudi kwenye ile kauli ya "mengine yote yabaki yanavyokuja". Yanakuja kutoka kwa nani? Watu wanachanganya kerneli ya Linus na kerneli ya Debian.

Mfano mzuri ni `fs.protected_symlinks`. Shambulio lenyewe ni la kizamani na jepesi: programu ya root (msimamizi mkuu) inaandika /tmp/ripoti.log kila usiku. Mtumiaji wa kawaida anawahi, anaweka pale kiungo chenye jina hilohilo kinachoelekea /etc/shadow. Root akija, anafuata kiungo, anaandika juu ya faili la maneno-siri. Kinga inasema: ndani ya saraka ya umma yenye biti ya kunata kama /tmp, kiungo kinafuatwa tu kama mwenye kiungo ndiye anayekifuata, au ndiye mwenye saraka.

Kinga hiyo iliingia 3.6 mwaka 2012 ikiwa imewashwa kwa wote. Toleo lililofuata tu, 3.7, Linus akaizima, kwa sababu ilivunja programu zilizokuwa zinafanya kazi, na kwake kuvunja mfumo wa mtu ni kosa lisilokubalika hata kwa jina la usalama. Tangu hapo kerneli tupu inakuja na 0, na distro (Debian, Ubuntu na wenzao) ndizo zinazoweka 1. Kwa hiyo anayejijengea kerneli yake kutoka kernel.org kwa kupunguza ukubwa, akadhani imefungwa kama ya Debian, amejidanganya.

Na Debian nayo ina upande iliolegeza. Yama ptrace_scope, swichi ya nani anaruhusiwa kuchungulia programu nyingine: Ubuntu inakuja na 1 tangu 10.10, Debian inakuja na 0. Kwenye duka ambako wateja wote wanatumia akaunti moja, 0 inamaanisha programu yoyote ya akaunti hiyo inaweza kuishika Firefox iliyo wazi na kusoma kumbukumbu yake neno kwa neno. Huhitaji Meltdown wala udaktari wa prosesa, gdb (kifaa cha kuchungulia programu) inatosha.

#10 Kamalondo64, Lubumbashi

Hapo umenena. Nitaongeza neimspesi za watumiaji (chumba cha kujitenga ndani ya mfumo), kwa sababu hapo ndipo Debian yenyewe iligeuka. Hadi Debian 10 `kernel.unprivileged_userns_clone` ilikuwa 0. Debian 11 mwaka 2021 ikaiweka 1. Mimi naona waligeuka vibaya.

Ukimruhusu mtumiaji wa kawaida aunde neimspesi, ndani yake anakuwa kama root: ana mamlaka ya CAP_NET_ADMIN, ana ya CAP_SYS_ADMIN, anaweza kugusa nf_tables (vichujio vya paketi). Nje hana kitu, lakini msimbo anaougonga ni uleule wa kerneli moja. Tundu la CVE-2024-1086 lilipita humohumo: kosa la kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, na mtumiaji wa kawaida anatoka akiwa root wa kweli. CVE-2022-0185, mlango huohuo. CVE-2023-32233, mlango huohuo. Funga mlango, matundu matatu yanakosa njia.

#11 MamaSeva, Bukavu

Na ukiufunga kinachotokea ni hiki. Chromium inatafuta neimspesi ili ijifungie ndani ya sandbox, kizimba cha kutenga kurasa za wavuti. Isipoipata inatafuta msaidizi wake wa setuid (anayeendeshwa kwa mamlaka ya root), ambaye Debian imemweka kwenye pakeji ya pembeni, chromium-sandbox. Asipokuwepo, inagoma na kuandika "No usable sandbox!". Fundi anaingia mtandaoni, anakuta jibu la kwanza linasema ongeza `--no-sandbox`, anaongeza, ikoni ya mezani inabaki hivyo miaka mitatu. Umefunga mlango wa nyuma ukang'oa ukuta wa mbele.

Flatpak (pakeji zinazokuja na vyote ndani) pia. Kwenye Debian 10 bubblewrap, inayozitenga, ilikuwa na setuid, tangu 11 haina, inategemea neimspesi. Funga, programu zote za Flatpak zinakufa. Podman (ya kuendesha kontena) isiyo ya root, vilevile. Ndiyo sababu waligeuka: setuid root kwenye kila chombo ilionekana mbaya kuliko neimspesi.

#12 Kamalondo64, Lubumbashi

Ubuntu walipata njia ya tatu. Kwenye 24.04 AppArmor (kidhibiti cha ruhusa za programu) inakataza neimspesi kwa programu isiyo na profaili, na inaruhusu zilizo nayo. Firefox inapita, kijiprogramu kilichoshushwa kutoka Telegram hakipiti. AppImage (programu za faili moja) nyingi zilivunjika siku za mwanzo, lakini wazo lina kichwa na miguu.

Debian 12 haina hiyo. Kwa duka ambalo ni LibreOffice, Firefox na printa tu, mimi nafunga. Ila mtumie `kernel.unprivileged_userns_clone=0`, msitumie `user.max_user_namespaces=0`. Hiyo ya pili inamfunga hata root.

#13 MamaSeva, Bukavu

Na Firefox ukifunga inaendelea kufanya kazi, ila tabaka moja la kujifungia linapungua bila kukuambia kitu. Hapo hatutaelewana leo. Mimi naiacha 1 na kerneli inasasishwa. Dirty Pipe, tundu la kerneli la 2022, haikuhitaji neimspesi, haikuhitaji BPF (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli), haikuhitaji chochote zaidi ya kerneli ya 5.8 na kuendelea isiyo na kiraka. Hakuna sysctl (swichi ya kerneli) iliyokuwa inaizuia.

#14 Himbi_Fundi, Goma

Sawa, tuje kwenye umeme. Hapo hakuna aliyenijibu.

#15 Ndendere_sysctl, Bukavu

Nakujibu. Kwanza mashine zako nyingi hazina hata hiyo Secure Boot. Ilienea na Windows 8 mwaka 2012, kizazi cha 2 kwa kawaida hakinayo. Hakikisha: `mokutil --sb-state`.

Ikiwa imewashwa, kerneli ya Debian inajiweka yenyewe kwenye lockdown (kujifunga hata dhidi ya root):

`cat /sys/kernel/security/lockdown`

Mabano yakikaa kwenye integrity, usingizi wa diski umekatazwa. Sababu ni ya maana: picha ya RAM inakaa kwenye swopu, mtu anaweza kutoa diski, akaibadilisha, na ikirudi inakuwa kumbukumbu ya kerneli bila saini ya mtu yeyote. Lockdown iliingia kerneli kuu kwenye 5.4 mwaka 2019, lakini kule haifungwi na Secure Boot. Linus alibishana sana na Matthew Garrett, mmoja wa watetezi wa lockdown, 2018 juu ya kuviunganisha, kwa hoja kwamba ni mambo mawili tofauti. Muungano huo ni wa distro. Ukizima Secure Boot hujavunja sheria ya kerneli, umekataa uamuzi wa Debian. Kwa laptopu inayobebwa, fidia kwa kuweka swopu ndani ya LUKS (usimbaji wa diski). Kwa mashine ya mezani iliyofungwa kwa mnyororo, ni juu yako.

Sasa makosa ninayoyaona mara nyingi:

Swopu ndogo. Kerneli inajaribu kubana picha hadi mbili ya tano ya RAM, thamani iko /sys/power/image_size. Kwa GB 4 ni kama GB 1.6, lakini ikishindwa kubana inahitaji zaidi, kwa hiyo weka GB 4 kamili. Na zram niliyoitaja juu haihesabiki! Zram ni RAM, umeme ukienda inaenda nayo. Lazima swopu ya diski iwepo pembeni, yenye kipaumbele cha chini.

Resume haijaandikwa. Kwenye /etc/initramfs-tools/conf.d/resume weka `RESUME=UUID=` na namba unayoiona kwa `blkid`, kisha `update-initramfs -u`. Bila hiyo mashine inalala vizuri na kuamka imesahau kila kitu.

Betri imechoka. UPower (msimamizi wa betri) inachukua hatua ikifika asilimia 2, na betri ya mkono wa pili ikisema 2 imeshakufa. Kumwaga GB 1.6 kwenye diski ya MB 80 kwa sekunde ni sekunde 20, na hizo hunazo. Kwenye /etc/UPower/UPower.conf pandisha PercentageAction hadi 10, PercentageCritical 15, na CriticalPowerAction=Hibernate. Asilimia tatu za faili hilo lazima zishuke kwa mpangilio (Low juu ya Critical, Critical juu ya Action), la sivyo zinapuuzwa zote.

#16 Himbi_Fundi, Goma

Aksanti, Ndendere. Nimesoma, nimepima. Na LibreOffice sikuona tofauti ya kugombania, nakubali. Narudisha auto. Faili langu jipya, /etc/sysctl.d/60-duka.conf:

`kernel.yama.ptrace_scope = 1`
`kernel.kptr_restrict = 1`
`kernel.dmesg_restrict = 1`
`kernel.unprivileged_bpf_disabled = 1`
`kernel.unprivileged_userns_clone = 0`
`kernel.sysrq = 0`

Kisha `sysctl --system`. Mama asinikasirikie kwa mstari wa tano.

#17 MamaSeva, Bukavu

Sikukasirikii, ila ukiweka 0 basi sakinisha chromium-sandbox, na upite kila ikoni utafute `--no-sandbox`.

dmesg_restrict Debian inakuja nayo 1, haidhuru kuirudia. BPF iache 2 kama ilivyokuja. Zote mbili zinamzuia mtumiaji wa kawaida, lakini 1 haigeuki hadi uwashe mashine upya, na siku utakapohitaji kupima kitu utajilaani.

sysrq = 0 (vibonye vya dharura vya kerneli) futa kabisa. Debian inakuja na 438, na namba hiyo ina hekima ndani yake: ni 2+4+16+32+128+256. Kumi na sita ni kumwaga data kwenye diski, thelathini na mbili ni kuifanya ya kusoma tu, mia na ishirini na nane ni kuwasha upya. Mashine ikiganda, shika Alt na SysRq, bonyeza S, U, B kwa kupumzika sekunde mbili kati yake. Diski inabaki salama. Ile R-E-I-S-U-B wanayofundisha watu haifanyi kazi yote hapa: E na I (kuua programu) zinahitaji 64, na 64 haimo. Ukiweka 0 umemlazimisha mwenye duka kuchomoa waya.

Lakini kubwa kuliko yote: nani atasasisha? Kerneli moja ni kama MB 70 kwa kila mashine. Mashine kumi, hizo mega nani ananunua? Mtaacha, na mwaka mzima utapita. Weka apt-cacher-ng (ghala la pakeji zilizoshushwa) kwenye mashine moja ya chumba. Nyingine ziandikiwe ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/01proksi:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Anwani za sources.list ziwe za http, kwa sababu https haihifadhiwi. Usiogope http hapo, apt yenyewe inakagua saini ya orodha ya pakeji, na kila pakeji inalinganishwa na orodha hiyo. Kerneli inashushwa mara moja, tisa zinachukua ndani.

#18 Kamalondo64, Lubumbashi

Na hapo mambo yenu mawili yanagongana, hakuna aliyeona. Mashine inayolala kwa diski haiwashwi upya. Kerneli mpya itasakinishwa Jumatatu, na mwezi mzima kila asubuhi itaamka ileile ya zamani, kwa sababu usingizi unairudisha jinsi ilivyokuwa. Linganisha `uname -v` na toleo la pakeji iliyosakinishwa, au kwa mkato `needrestart -k`. Jumamosi jioni mashine zizimwe kabisa, zisilazwe.

#19 Himbi_Fundi, Goma

Hilo sikuliwaza kabisa, yaya. Naliandika kwenye karatasi ya mwenye duka, juu ya printa.

Seva ya faili ya ndani, isiyo na kivinjari na isiyoingiwa na mtu ila mimi kwa SSH, kule naweza kuacha mitigations=off?

#20 MamaSeva, Bukavu

Kama ni faili tu, na hakuna PHP ya mtu, hakuna mashine-pepe za kukodisha, hakuna akaunti za wafanyakazi, sina neno. Kinga zile zinalinda dhidi ya msimbo wa mgeni ndani ya mashine, na hapo mgeni hayupo. Siku mtu akisema "tuweke na tovuti ya shule humo", irudishe auto kabla hujamjibu.

#21 Ndendere_sysctl, Bukavu

Kabla hujanakili imeji, Himbi. Umebishana wiki nzima juu ya kerneli, na imeji iliyonakiliwa inabeba funguo zake. Kila mashine itakuwa na ssh_host_* zilezile, machine-id ileile, na kama ulisakinisha draiva ya Wi-Fi kwa DKMS (kifaa cha kujenga moduli za kerneli), /var/lib/dkms/mok.key ileile ya kusaini moduli. Aliyeiba moja ameziiba zote.

`rm /etc/ssh/ssh_host_*`
`truncate -s 0 /etc/machine-id`
`rm /var/lib/dkms/mok.*`

Debian haiundi upya funguo za SSH peke yake, kwa hiyo kwenye kila mashine endesha `ssh-keygen -A` ukiwa umekaa mbele yake, la sivyo sshd haitawaka. Na kama swopu unaiunda upya kwa mkswap, UUID inabadilika: rudi kwenye faili la resume, vinginevyo mashine itakaa nusu dakika ikitafuta swopu isiyokuwepo, na mteja atakupigia simu akisema Linux ni nzito.